Koti la Picha Namba Sita

Jumapili, 7 Septemba 2025

Kuanzia leo mimi ni mwanahistoria. Nimeandika hivyo kwenye jalada la daftari hili, kisha nikafuta, kisha nikaandika tena kwa kalamu ya wino.

Mambo yako hivi. Daktari Sitonik, mtafiti wa historia, ameiachia klabu yetu ya historia boksi la picha ishirini na tatu. Zilipigwa mwaka 1963 kwenye kambi ya vibarua ya shamba moja la kahawa hapa Karatu. Wenyewe hawakuzichukua, zikakaa stoo miaka yote hiyo. Hakuna jina hata moja nyuma. Daktari atarudi Jumatatu, tarehe 15, kuchukua majina kwa ajili ya kitabu chake. Sura isiyo na jina itaandikwa tu "kibarua, hajulikani".

Mmoja wa vibarua wa kambi ile alikuwa Patrisi Tluway, baba yake Bibi Natalia, na Bibi Natalia ndiye aliyemzaa mama yangu. Patrisi alifariki mwaka huohuo, lori lilipopinduka njia ya Mbulu. Bibi alikuwa na miaka miwili. Hajawahi kuiona sura ya baba yake. Hajawahi! Ana miaka sitini na nne, na kila akisali kumwombea anaomba, anavyosema mwenyewe, kama mtu anayeita gizani.

Leo mezani, mbele ya watu wote, nimetangaza kwamba nitampata. Sijui sauti ilitoka wapi. Kwa kawaida naongea na kola ya shati langu. Bibi aliacha kula, akaniuliza kama nasema kweli. Nikasema kweli. Mjomba Clemensi, anayeendesha watalii kwenda Kreta kuangalia wanyama na kwa hiyo anajiona ameshaona kila mnyama, akasema haya, Profesa, geme draivu ya wazee imeanza.

Nikamhoji Bibi rasmi. Alama yoyote? Kovu? Akasema anajua kitu kimoja tu. Marehemu mama yake alikuwa akisimulia habari ya mumewe siku ya kupigwa picha, habari ya koti, na kila akifika kwenye koti anacheka mpaka anashindwa kumaliza. Bibi hakuwahi kusikia mwisho wake.

Koti! Nimelipigia mistari miwili.


Jumatatu, 8 Septemba

Nimempata! Siku moja tu! Watafiti wengine huchukua miaka.

Picha namba sita. Mwanamume amekaa kwenye kiti, koti jeusi la kola pana, kifungo cha pili hakipo. Uso mzito kama wa Mjomba Clemensi akiambiwa gari halitoki bila kusukumwa. Nyuma yake pazia lililochorwa ziwa. Katika picha za juu kabisa za boksi, ni yeye peke yake mwenye koti. Za chini sikuwa na haja ya kuziangalia.

Hanifa, katibu wa klabu, akauliza ushahidi wangu ni upi. Hanifa ana sauti inayofika mpaka jikoni kwa wapishi. Nikamwandikia kwenye karatasi: KOTI. Akaisoma, akaniangalia, akasema, ngoja kwanza Niko, kuhusu hilo koti kuna kitu nataka nikuambie.

Nimeshawasoma watu wa aina hii. Wanangoja mwenzao avumbue kitu, kisha wanaingia na "kuna kitu nataka nikuambie", na mwisho wa habari jina lao ndilo linatangulia kitabuni. Nikakimbilia maktaba. Maktaba yetu ni kabati, kwa hiyo nilisimama nyuma yake.

Nyumbani nimefanya majaribio ya kuwasilisha. Nilichukua fimbo inayoegemezwa mlango wa banda la kuku, ile iliyopinda shingo kama inasikiliza maneno ya jirani, nikawa naonyeshea ukutani kama mhadhiri. Kuku wakatoka. Mama akasema maneno.


Jumanne, 9 Septemba

Nimemkabidhi Bibi baba yake.

Niliitoa nakala kubwa pale stendi. Bibi alinawa mikono, akavaa miwani, akaishika karatasi kwa ncha za vidole. Nikaanza kuhesabu mbuzi dirishani. Mwisho akasema, kumbe ndiye huyu. Kisha akasema alidhani angekuwa mrefu zaidi.

Nilimweleza kwamba amekaa.

Akaibandika ukutani pembeni ya kalenda ya parokia. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akaenda kuvaa kitenge cha kanisani, akavuta kigoda, akakaa mbele ya picha na kuanza kuisimulia habari. Alianzia pale alipoachwa. Alimweleza alivyoanza shule, alivyong'atwa na bata, alivyopata kipaimara na viatu vya kuazima. Kwa mpangilio kabisa, mwaka baada ya mwaka. Akasema ni miaka mingi, hatamaliza leo, atakuwa anaendelea kila siku baada ya kulisha kuku.

Nilitoka nje kidogo. Vumbi la Septemba hapa Karatu ni jekundu na linaingia machoni. Ni vumbi.


Jumatano, 10 Septemba

Uvumbuzi mkubwa! Babu Patrisi alipigwa picha zaidi ya moja!

Leo nimelimaliza boksi. Namba kumi na moja: koti lilelile, kifungo cha pili hakipo. Kumi na nne: koti lilelile. Kumi na saba! Kumi na nane! Kufikia kengele ya mwisho nilikuwa na Babu saba.

Zipo tofauti ndogondogo, na mwanahistoria makini hazifichi. Katika namba kumi na nne ana sharubu. Katika kumi na saba ni mrefu na amekonda sana. Kazi ya kuchuma kahawa si ya mchezo. Katika kumi na nane ndewe za masikio zimetobolewa na kuvutwa kama za mzee wa Kimasai. Hii inaonyesha aliishi vizuri na majirani.

Zile zisizo na koti, nyingi za makundi ya watu waliosimama, nimezifunga kwa mpira na kuandika juu yake "hazifai". Moja haifai kweli kweli, namba ishirini. Jamaa amejifunga blanketi, amecheka wakati wa kupigwa, uso umetoka kama umepita kwenye maji.

Nilimwonyesha Mjomba Clemensi wale saba. Alizipanga kwenye boneti ya gari, akazitazama, akaniuliza taratibu: Profesa, huyu babu yako sura alikuwa anaazimana na nani? Wivu. Yeye hana hata babu mmoja kwenye simu yake.

Jioni Hanifa alikuja nyumbani! Nilimwona tangu kwenye kona ya mashine ya kusaga. Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Alimwachia Bibi ujumbe kwamba babu yake, Mzee Abdulwahabu mwenye duka la vitambaa, anaomba nifike dukani kuhusu koti.

Kwa hiyo ni ukoo mzima. Wanataka kudai koti ni lao!

Bibi amefika mwaka 1974. Amemweleza jinsi walivyohamishwa kwenda kijijini na mlango wao ukiwa kichwani.


Alhamisi, 11 Septemba

Sikulala vizuri, nikawahi shule kabla ya walinzi kukunja mablanketi. Mpango: kukabidhi majina kabla Hanifa hajafika kwa mwalimu wa historia. Nimeandika orodha kwa mkono wangu mzuri. Namba 6, Patrisi Tluway. Namba 9, Patrisi Tluway. Namba 11, Patrisi Tluway. Na kuendelea hadi Patrisi wa saba. Chini nikaweka "Mtafiti: Nikodemu" na sahihi niliyoifanyia mazoezi tangu darasa la sita. Bahasha. Gundi. Utepe juu ya gundi.

Mwalimu alipokea akiwa anasahihisha mitihani, akaitia mkobani bila kufungua. Safi.

Mchana sikumaliza chakula. Nadhani ni maharage.

Bibi amefika 1979. Leo alimweleza baba yake siri moja kubwa, jinsi alivyoficha mche wa sabuni miezi mitatu akiwaambia mawifi kwamba nyumba haina sabuni kabisa. Akageuka akaniona mlangoni. Akasema wewe hujasikia kitu, haya ni ya mtu na baba yake.


Ijumaa, 12 Septemba

Nimenaswa. Bombani, ndoo mkononi, nyuma ukuta.

Hanifa alisema, kwa sauti yake ile, kwamba amechoka kunifukuza kama mwizi wa kuku. Wiki nzima! Kwani ananuka? Watu wote kwenye foleni waligeuka. Nikaiambia kola yangu kwamba hanuki. Akasema basi kesho niende dukani kwa babu yake, koti lipo pale, nilione kwa macho yangu, kisha nikitaka kuendelea kukimbia nikimbie nikiwa na akili.

Koti lipo! Miaka sitini na miwili! Kwa hiyo walilichukua!

Nitaenda. Lakini kwa siri. Nitajifanya mteja.


Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la pumba. Sitaki kuingia ndani.

Nilifika dukani, nikaomba zipu. Mzee Abdulwahabu akauliza ya rangi gani. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Akanitazama juu ya miwani, akasema, wewe ndiye yule wa koti, pita huku mjukuu wangu.

Nyuma, baada ya majora ya vitambaa, kuna msumari. Kwenye msumari kuna koti. Jeusi, kola pana, mgongo umeliwa na wadudu. Kifungo cha pili hakipo.

Ni lake. Mzee Abdulwahabu ndiye alikuwa mpiga picha! Alikuwa kijana, kila Jumapili anakwenda kambini kwa baiskeli, amebeba kamera, pazia la ziwa na koti hilo. Vibarua walitoka Singida, Dodoma, Mbulu, na wengi walikuwa na shati moja tu. Picha ni ya kupeleka nyumbani, waone kijana wao huko ugenini hajambo. Kwa hiyo kila aliyekaa kwenye kiti peke yake alivikwa koti. Wafupi linabanwa nyuma kwa vibanio vya nguo. Warefu wanaambiwa wakunje mikono ili isionekane ilivyopungua.

Kila mtu. Koti lilelile. Hanifa alikaa juu ya kibao cha kukatia, akasema hicho ndicho alichotaka kuniambia Jumatatu.

Nikatoa nakala ya namba sita. Nilitumaini. Mzee Abdulwahabu akacheka mpaka akavua miwani. Akasema huyo ni Saidi, mpishi wa kambi, Mnyiramba, mwongo kuliko watu wote waliowahi kupika maharage.

Ewe Mungu. Bibi yangu amemweleza mpishi wa Singida habari ya sabuni!

Asubuhi ya leo alikuwa mwaka 1998, kwenye zile mvua kubwa. Amebakiza miaka ishirini na saba. Nimeamua: sitamwambia. Akimaliza nitaona. Kinachoniumiza zaidi ni bahasha iliyo mkobani mwa mwalimu. Patrisi saba!


Jumapili, 14 Septemba

Mpango wa asubuhi: wakati wote wako misani, mimi naumwa tumbo, natoa picha ukutani na kusema upepo umeichukua. Septemba ina upepo. Ni maelezo ya kisayansi.

Nilikuwa nimebandua kona tatu Bibi alipoingia. Alikuwa amesahau miwani.

Nikamwambia. Yote. Koti, vibanio, mpishi. Niliiambia kola yangu lakini alisikia.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliketi kwenye kigoda chake, kitenge cha kanisani, rozari mkononi, akaitazama picha ile. Akaniuliza, huyu Saidi alikuwa na watoto? Nikasema sijui. Akasema basi kona ile irudishwe, asibanduliwe, amekaa hapo siku tano akimsikiliza na wala hajamkatiza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, lakini nilishaanza kumzoea.

Kanisani hakurudi. Chakula cha mchana hakula. Mama hakuniuliza tumbo linaendeleaje.

Jioni Bibi alitoa kichwa mlangoni, akasema kesho anakwenda nami shule. Picha zilizobaki ataziangalia mwenyewe.

Shule! Bibi! Mbele ya kila mtu! Nilimkumbusha goti lake linavyomsumbua. Akasema goti si lako.


Jumatatu, 15 Septemba

Sijui nianzie wapi. Naanzia kwa kuku.

Asubuhi kuku wote walikuwa barabarani kwa sababu Bibi aliichukua ile fimbo ya bandani ili imsaidie goti. Tulitembea taratibu mpaka shule, mimi hatua kumi mbele, kisha nikaona aibu ya kuona aibu, nikarudi nikatembea naye.

Daktari Sitonik alikuwa ameshapanga picha mezani. Mzee Abdulwahabu alikuwepo na koti lake kwenye mfuko wa nailoni. Hanifa alikuwepo. Kidato cha Tatu chote kilikuwepo. Mwalimu akafungua bahasha yangu, na ilimchukua muda kwa sababu ya utepe, akasoma kwa sauti. Namba sita, Patrisi Tluway. Namba tisa, Patrisi Tluway. Alipofika wa tatu darasa lilishaanza kucheka. Alipofika wa tano kuna mtu alikuwa chini ya dawati. Daktari Sitonik, mtu mpole, akauliza kama kuna Patrisi mwingine.

Nilitazama mlango. Hanifa alikuwa amesimama mlangoni. Makusudi, naamini.

Bibi hakucheka. Aliomba njia, akaenda mezani, akapita picha moja moja. Mzee Abdulwahabu akawa anamtajia wale anaowakumbuka. Bibi anatikisa kichwa. Wenye koti waliisha. Akauliza, ndio hizi tu? Nikasema zimebaki zile mbovu tu. Akanyoosha mkono. Nikavua mpira.

Ya kwanza, hayumo. Ya pili, hayumo. Ya tatu ilikuwa namba ishirini, yule wa blanketi aliyecheka.

Bibi hakuutazama uso. Alitazama chini zaidi, mkononi mwa yule mtu. Kisha akatazama mkono wake mwenyewe. Akainua fimbo, akailaza mezani kando ya picha.

Shingo imepinda vilevile. Chini ya shingo, mahali ilipopasuka, kuna waya wa shaba umezungushwa. Kwenye picha kuna mstari mweupe palepale. Daktari Sitonik alichukua lenzi, akahesabu mizunguko. Saba. Akahesabu kwenye fimbo. Saba. Bibi akasema mama yake alikwenda nayo kila alikohama, akisema ni ya baba yako, na alipofariki wao wakaitia bandani kwa sababu haikuwa na kazi.

Mimi nimeonyeshea ukutani kwa fimbo hiyo wiki nzima.

Ndipo Mzee Abdulwahabu akapiga paji la uso. Huyu! Alimkumbuka huyu! Ndiye pekee aliyekataa koti! Walibishana mpaka foleni ikakasirika. Mzee akimwambia utapendeza, yeye anasema mke wangu niko naye hapahapa kambini, akiiona hii picha ataniuliza koti liko wapi, na mimi nitamjibu nini? Kambi nzima ikaangua kicheko, mwenyewe naye akacheka, na kidole cha mpiga picha kikabonyeza hapohapo. Picha ikaharibika. Mzee alimwambia arudi Jumapili inayofuata apigwe nyingine.

Akafuta miwani, akasema Jumapili iliyofuata hakuja.

Bibi alirudia peke yake, taratibu: ataniuliza koti liko wapi. Akaanza kucheka. Alicheka akishika meza, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, na kilipokuwa katikati kikageuka, na Hanifa akamletea kiti.

Picha haikuonyesha uso vizuri. Nilisema hivyo, kwa haki. Bibi akasema anaona vizuri tu.

Kitabuni itaandikwa: Namba 20, Patrisi Tluway, ametambuliwa na binti yake Natalia. Jina langu halimo. Hanifa alinong'ona kwamba ningemsikiliza tangu Jumatatu iliyopita tungemaliza Jumanne. Nikamwambia utafiti una hatua zake.


Jumanne, 16 Septemba

Namba ishirini yuko ukutani. Bibi ameanza upya kutoka mwaka 1963, kwa kitenge kilekile. Saidi mpishi amesogezwa kidogo kushoto, hakubanduliwa. Bibi anasema ile ya sabuni hatairudia, mmoja akishajua inatosha. Fimbo sasa iko kitandani kwake. Mlango wa banda unashikwa na tofali.

Nimekaa kutafakari makosa yangu, kama mtafiti mkweli. Kosa lilikuwa moja: koti. Koti ni ushahidi dhaifu, watu wanaazimana. Lakini fimbo! Fimbo haikudanganya. Mtu na fimbo yake! Nashangaa hakuna aliyewahi kuligundua hili.

Daktari Sitonik ameiachia klabu boksi la pili, picha za zamani za wafugaji wa Kimasai wa kijiji cha Kakesio. Zipo arobaini na moja. Nimezipitia zote leo wakati wa somo la Hesabu. Wanaume thelathini na wanane wameshika fimbo, na fimbo za kumi na wawili kati yao zimepinda shingo.

Sikujua ukoo wetu ulikuwa mkubwa kiasi hiki.

Nimeandaa orodha na bahasha. Nimemwomba Mjomba Clemensi anipeleke Kakesio Jumamosi kuwasalimia. Alizima redio ya gari, akasema, Profesa, umewahi kumwona mzee wa Kimasai asiye na fimbo? Nikamwambia hapana. Ndiyo maana nina haraka.

Hanifa yuko getini sasa hivi. Anasema kuna kitu anataka kuniambia kuhusu fimbo.

Natorokea dirishani.